Unga wa Mikono Minne

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikiona meza kubwa imetandikwa kitambaa cha maua. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na tano, joto la Toronto limekaza, nami nimesimama ndani ya duka la mikate kwenye barabara ya Bloor, mikono yangu miwili iko chini ya unga. Ng'ambo ya meza alisimama mzee wa Kikroatia, naye mikono yake iko chini ya unga uleule. Nje magari yalikuwa yakipiga honi na bendera zikipepea madirishani. Na nyuma ya ukuta wa mbao, karibu kabisa na bega la yule mzee, mwanamume mtu mzima alikuwa analia.

Nitakueleza kilio kile kilikuwa cha nani. Lakini uniwie radhi, nitakwenda polepole, maana najua nyinyi watoto wa hapa, mama akifungua kinywa nanyi mnafungua simu. Iegemeze simu hiyo mezani, Salma, tuonane uso, na usifungue kitu kingine humo. Jana uliniambia rafiki yako Divine hatakuwa mpambe wa harusi yako Jumamosi ya wiki ijayo. Nikakuuliza kisa, ukasema ni mambo aliyoyaandika kuhusu vita vya kule nyumbani. Nikakuuliza mtapatana lini, ukanijibu, "Mama, siyo the right time. Vita ikiisha tutaongea, I promise." Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa nimesikia sauti ya marehemu ikitoka kinywani mwako.

Marehemu huyo ndiye yule mzee wa ng'ambo ya meza. Jina lake lilikuwa Stjepan. Ulimi wangu wa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, ulilikataa, nikamwita Mzee Stepani, akaitika. Yeye naye Mwajuma lilimshinda, akaniita Juma, jina la kiume, nami nikaitika. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu, na tulielewana kuliko watu wengi niliowahi kuzungumza nao Kiswahili safi.

Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu nifike kutoka Bujumbura. Mimi na baba yako tulikuwa na chumba kimoja hapahapa Flemingdon Park, na kila alfajiri nilipanda basi mpaka Pape, kisha treni. Mzee Stepani aliniajiri si kwa sababu najua kuoka. Alinitazama mikono, akaniambia niitandaze, akacheka, akasema ni mirefu, inafaa. Kwao wana chakula cha tabaka nyembamba, ndani wanatia jibini au nyama ya ng'ombe, wanakiita burek. Chapati zetu zina tabaka, lakini zile za kwao ni jambo jingine. Donge la unga linawekwa katikati ya meza, watu wawili wanasimama pande mbili, wanapitisha mikono chini yake, viganja vimetazama chini na vidole vimekunjwa ili kucha zisiutoboe, kisha kila mmoja anavuta kwake taratibu, akirudi nyuma kidogo kidogo. Unavuta mpaka uyaone maua ya kitambaa kupitia unga. Ukivuta kwa pupa unachanika. Ukilegea unakunjamana. Kazi yote ni kumsikiliza mwenzako kwa vidole. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hatandazi unga ule, labda awe na ndugu wa kijini.

Mahali niliposimama mimi hapakuwa pangu. Palikuwa pa mtu anayeitwa Milan.

Milan na Mzee Stepani walizaliwa mtaa mmoja katika mji wa Vukovar, kando ya mto Danube, zama nchi yao ikiitwa Yugoslavia. Stepani Mkroatia, Milan Mserbia. Mmoja kanisa la Kikatoliki, mwingine la Kiorthodoksi. Mambo hayo hayakumkosesha mtu usingizi wakati ule, kama sisi Buyenzi tulivyokuwa tukila Idi na Krismasi kwenye sinia moja. Milan ndiye aliyesimama kando ya Stepani siku ya harusi yake. Na kwao, mwanangu, mtu huyo anaitwa kum. Ni kama mpambe wetu, ila kazi yake haiishi keki ikikatwa. Kuanzia siku ile ni ndugu. Watoto wako ni wake. Akija mlangoni humwulizi kilichomleta. Wana msemo kwamba kum hakataliwi.

Walihamia Toronto pamoja wakiwa vijana, wakafungua duka pamoja, na meza ile waliichonga wao wenyewe mlemle ndani, kubwa hata haikuweza kupita mlangoni. Miaka ikaenda. Kisha Kroatia ikajitangazia uhuru, vita vikaanza, na vuli ya mwaka wa tisini na moja mji wao wa Vukovar ukazingirwa, ukapigwa mizinga miezi karibu mitatu, ukaanguka. Watu walichukuliwa hata hospitalini, na wengi hawakuonekana tena. Miongoni mwao alikuwemo Mato, mdogo wake Mzee Stepani.

Habari ilipofika, Milan alisema maneno machache tu. Alisema, "Labda hawakumchukua, Stjepan. Labda amekimbilia kwingine." Huenda alitaka kumliwaza. Huenda aliona haya kwa yaliyofanywa na watu wa kabila lake. Lakini mwenye kidonda hasikii nia, anasikia mkono ulioparuza. Mzee Stepani alisikia, "Ndugu yako hakuuawa, unatuzulia."

Wiki ileile wakajenga ukuta katikati ya duka. Na hapa ndipo huwa nashindwa kujua nicheke au nilie, kwa sababu waliujenga pamoja! Stepani alipima, Milan akakata mbao. Mmoja akashika, mwingine akapigilia misumari, kutwa nzima bila neno. Ulitoka ukuta mzuri, umenyooka, hauna hata upenyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale hata ufa hawakuungoja ukue, walikwenda moja kwa moja kwenye mbao. Tanuri zilikuwa mbili, kila mtu akabaki na lake. Barabara ya Bloor ikapata maduka mawili ya mikate, mlango kwa mlango, yanayouza chakula kilekile kwa ladha ileile. Wakroatia wakanunua huku, Waserbia wakanunua kule, na kinyozi mmoja Mreno alinunua popote palipokuwa na foleni fupi.

Sasa nirudi kwenye ile siku ya Agosti. Jeshi la Kroatia lilikuwa limekomboa eneo kubwa lililoshikwa na Waserbia tangu vita vianze, na bendera yao ilikuwa imepandishwa juu ya ngome ya mji wa Knin. Kwa Wakroatia ilikuwa siku ya kutoka kaburini. Wateja waliingia wakiimba, wakakumbatiana, bibi mmoja akanibusu mimi ambaye hata Knin sikuijua iko wapi. Lakini televisheni iliyokuwa rafuni ilionyesha pia kitu kingine: barabara ndefu imejaa matrekta, na juu ya matrekta wazee, magodoro, watoto, na ng'ombe wamefungwa nyuma. Walikuwa Waserbia wa kule, wanakimbia. Dada yake Milan alikuwa ameolewa upande huo.

Kilio tulichokisikia kilikuwa cha Milan.

Mzee Stepani aliacha kuvuta. Unga ukalala mezani. Akafuta mikono, akachukua birika dogo la shaba la kahawa, akatia vikombe viwili kwenye sinia. Kwao kama kwetu, huzuni hailetewi maneno matupu. Akafika mlangoni. Nilimwona mgongo, nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo wanaume hawa watakumbuka kuwa wao ni watu. Ndipo mteja mmoja, kijana wa mabega mapana, akainua sauti makusudi ili ukuta usikie: "Nani kawafukuza? Labda wameamua tu kuhama!"

Watu wakacheka. Mzee Stepani akasimama palepale na sinia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mkono wake mwenyewe, maana ile "labda" aliijua. Aliijua vizuri kuliko yeyote mle ndani. Ilikuwa ndiyo ileile iliyomfanya amjengee Milan ukuta. Nilidhani atamkemea yule kijana. Hakumkemea. Alirudisha sinia, akaniambia, "Vuta, Juma." Nikavuta.

Jioni wakati tunafunga, alisema bila kuulizwa, "Vukovar bado haijarudi. Siku Vukovar ikirudi, nitakwenda kwake."

Basi Vukovar ikarudi. Januari ya mwaka wa tisini na nane, kwa makubaliano, bila risasi, mji ukawa tena chini ya Kroatia. Theluji ilikuwa magotini. Mzee Stepani alivaa koti lake la kanisani, akafika mlangoni, akasimama akiangalia theluji kana kwamba ni bahari, akalivua koti. "Mifupa ya Mato kwanza," akasema. "Wakinirudishia mifupa, nitakwenda."

Unaona, Salma? Ngojangoja huumiza matumbo. Kila lango lililofunguka, alijenga jingine mbele yake.

Nami, usinitazame hivyo, nilikuwa na lango langu. Kulikuwa na mwanamke hapa Toronto, upande wa Jane na Finch, ambaye nilikua naye Bujumbura. Yeye ndiye aliyekuwa mpambe wangu nilipoolewa na baba yako. Alinishika mkono wakati natetemeka, na viatu vilipombana alivivua, akasimama pekupeku mbele ya wageni mia. Oktoba ya tisini na tatu nchi yetu ilipowaka, askari walimchukua mjomba wangu Kassimu, hakurudi. Kaka wa yule rafiki yangu alikuwa askari. Sikuwa na ushahidi zaidi ya huo. Lakini wakati ule, ukiwa na machungu, ushahidi unaukanda mwenyewe na unaumuka haraka. Nilimwona kwenye treni mara ya kwanza, nikashuka kituo kisicho changu. Nikajiambia, amani ya Burundi ikisainiwa, nitamsalimia.

Mwezi wa Julai wa mwaka uleule wa tisini na nane, wewe ukiwa tumboni unanipiga mateke, Kroatia ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kwa jina lake. Duka lilijaa fulana zile za drafti nyekundu na nyeupe. Walipocheza na Wajerumani, bao la kwanza lilipoingia, watu waliruka hadi chupa zikaanguka. Na katikati ya kelele ile, nyuma ya ukuta, sauti moja ikapiga ukelele wa furaha. Moja tu, nene, ndefu. Kisha ikakatika, kama mtu aliyejiziba mdomo.

Kila mtu alisikia. Mfungaji alikuwa bado anashangilia, lakini watu walikuwa wanautazama ukuta. Milan, Mserbia, mtoto wa mtaa ule wa Vukovar, alikuwa amejisahau.

Mzee Stepani alicheka mpaka akashika meza. Alicheka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi matupu. "Hakuwahi kuweza kukaa kimya, yule punda," alisema. "Tangu shuleni." Mabao mawili mengine yaliingia siku ile, kila mara watu walitega sikio, lakini ukuta haukusema tena. Kroatia ikatoka na nafasi ya tatu duniani, nchi ambayo jana haikuwapo kwenye ramani. Mzee akaniambia, "Kesho, Juma. Kesho asubuhi kabla ya mkate." Kesho yake ilikuwa Jumapili na wenzake wa kanisani walikuja kusherehekea. Keshokutwa alisema mgongo unamuuma. Siku ya tatu hakuitaja tena.

Amani ya Burundi nayo ikasainiwa kule Arusha. Niliisikia redioni, nikaona haya peke yangu jikoni, kisha nikajipatia lango jingine: bado kuna vikundi havijaweka silaha, ngoja viweke. Siku moja rafiki yangu yule akaingia dukani mwetu kununua mkate. Hakujua nafanya kazi pale. Nilimwona kupitia kioo, nikajificha nyuma ya magunia ya unga, mtu mzima mimi, mama wa mtoto, nimechuchumaa kama mwizi wa kuku. Mzee Stepani alimhudumia, akamwongeza mkate wa bure, akamfungulia mlango. Kisha akaja kwenye magunia akanitazama. Nilimweleza mwenyewe, yote, huku najipangusa unga. Akatikisa kichwa akasema, "Ah. Kumbe na wewe." Akarudi mezani.

Unakumbuka ule mwaka umeme ulipokatika mji mzima, wewe una miaka mitano, tukala aiskrimu mpaka ukaumwa tumbo kwa sababu maduka yalikuwa yanaigawa isiyeyuke? Siku ile Bloor yote ilitoka nje. Taa za barabarani zimezimika, kijana mmoja wa fulana ya kijani anaongoza magari kwa kandambili. Mzee Stepani akatoa kiti, akakaa mbele ya mlango wake. Milan akatoa kiti, akakaa mbele ya wake. Kati yao pangeweza kukaa mtoto mmoja. Miaka kumi na zaidi hawakuwahi kuwa karibu hivyo bila mbao katikati. Mimi nilikuwa mlangoni na wewe umelala begani kwangu, nikawa hata kupumua naogopa.

Walikaa muda mrefu wakitazama magari. Jua likashuka. Milan, bila kugeuza kichwa, akasema neno moja la kwao. Mzee Stepani, naye bila kugeuka, akalirudia neno lilelile. Baadaye nilimwuliza maana yake. Akasema, "Joto. Alisema joto, nami nikasema joto." Macho yake yalikuwa yanameremeta kama bwana harusi. "Ni mwanzo, Juma. Mifupa ya Mato ikipatikana tu."

Milan alikufa kabla theluji ya mwaka huo haijayeyuka. Moyo ulisimama, asubuhi, akiwa kazini, upande wake wa ukuta. Sisi tulisikia kishindo tukadhani ni gunia.

Aliyeleta habari alikuwa mkewe, Ljubica, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani. Aliingia dukani mwetu kwa mara ya kwanza tangu ukuta, wateja wakampisha. Akasimama mbele ya Mzee Stepani akasema, "Kum, tunahitaji watu wa kubeba jeneza." Hakulaumu. Hakulia. Laiti angelaumu. Mzee Stepani alibeba jeneza. Alilibeba mbele, bega la kulia, na wapo Wakroatia wenzake ambao hawakumsalimia mpaka Pasaka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na la kuvunda halina ubani. Alikwenda kwa kum wake hatimaye, kum akiwa hasikii.

Majira ya kuchipua, Ljubica akauza vyombo na mwenye nyumba akataka ukuta utolewe. Tuliubomoa mimi na mzee. Nilifikiri nitaona duka kama letu. Nikaona meza. Milan alikuwa amejichongea meza nyingine, kubwa kama ile ya kwanza, na ameisogeza hadi kwenye ukuta, imegusana na yetu kabisa; kwa miaka yote ile walikuwa wakifanya kazi kwenye meza moja yenye ukuta juu yake. Kwenye ukingo mmoja wa kitambaa vilipangwa vyuma vya mizani, vile vya zamani, vizito. Sikuelewa ni vya nini. Ljubica alinieleza. Milan hakuajiri mtu. Alikuwa akiubana unga kwa vyuma upande mmoja, akivuta yeye peke yake upande wa pili. Ndiyo maana burek zake zilikuwa zinachanika. Wateja wake walikuwa wanazila hivyohivyo zimepasuka. Mkewe alijitolea kumsaidia mara nyingi. Alimjibu, "Hapo ni pa mtu."

Mzee Stepani alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu isipokuwa siku ile. Kisha akanitazama, akazungumza kwa ukali ambao hakuwahi kunitolea, mimi niliyekuwa kwake kama binti.

"Mimi nilikuweka wewe," alisema. "Unanisikia, Juma? Yeye aliacha wazi, mimi nilijaza. Nikaona unga unavutika vizuri, nikasema basi, nina muda. Nilingoja nchi yangu itambuliwe, ikatambuliwa. Nilingoja Vukovar, ikarudi. Nchi ilipata kila kitu ilichokitaka, na mimi nikidhani ninapata pamoja nayo." Akanyanyuka, akanishika kiganja. "Yule mwanamke aliyenunua mkate. Kesho usije kazini. Ukija nitakufukuza. Nenda kwake."

"Bado hawajaweka silaha, Mzee," nilisema. Nilisema kweli, Salma, vumbi la ukuta ule likiwa bado kwenye nywele zangu!

"Yeye ana silaha gani?" akaniuliza.

Nilikwenda. Niliabiri basi moja baada ya jingine mpaka Jane na Finch na sinia ya burek magotini, nikapanda lifti inayonuka mafuta ya samaki, nikabisha. Alifungua. Tukatazamana. Alikuwa amenenepa, mvi zimeanza. Akaitazama sinia, akanitazama mimi, akasema, "Umechelewa, chai imepoa." Ndipo tukalia, sote wawili, mlangoni, jirani akachungulia akafunga mlango wake.

Nilimwuliza kuhusu mjomba Kassimu. Aliniambia kaka yake hakuwahi kumwambia lolote, na kaka huyo naye aliuawa mwaka uliofuata. "Nimekaa nangoja uje uniulize," alisema. "Usiku na mchana nangoja uniulize, nikuambie kuwa sijui." Miaka kumi na moja, mwanangu, kwa jibu la neno moja. Na katikati ya miaka hiyo bibi yako alifariki kule Bujumbura akimtaja kila aliponipigia simu: "Mpambe wako hajambo?" Nami nikimjibu hajambo, sijamwona hata kivuli. Hilo halina dawa. Ninalo hadi leo, na nitakwenda nalo.

Mwanamke huyo unamjua. Unamwita Mama Dafroza. Ndiye aliyekufundisha kusuka, ndiye aliyekaa nawe nilipolazwa, na Divine ni bintiye. Hatukuwahi kuwaambia kwamba tulikuwa hatusemezani. Tulidhani tumeuficha ubaya msiuone, kumbe tuliwanyima somo.

Mzee Stepani aliishi muda mrefu baada ya hapo. Aliona Kroatia ikiingia Umoja wa Ulaya. Mifupa ya Mato ilipatikana, akaenda kuizika Vukovar, akarudi. Mwaka wa elfu mbili na kumi na nane nilimtembelea katika nyumba ya wazee siku Kroatia ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia na Ufaransa, fainali, nchi ndogo ile! Wafanyakazi walikuwa wamemvika fulana ya drafti. Kroatia iliposawazisha, ukumbi mzima ulipiga kelele. Yeye hakupiga. Aliinua mkono kuninyamazisha, akageuza sikio upande wa ukuta, akasikiliza. Alisikiliza mpaka mpira ukaanza tena. Sikuweza kumtazama usoni. Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na Ljubica ndiye aliyenipigia simu.

Basi, Salma, nikuambie wazi, maana hadithi bila neno lake ni sufuria bila mchuzi. Vita vya nchi vina saa yake, na saa hiyo haiko mkononi mwako. Usiufunge moyo wako kwenye saa ya wakubwa. Nchi inaweza kupata uhuru, ikapata mipaka, ikapata kombe, na wewe ukabaki na kiti kitupu. Sikuambii aliyoyaandika Divine ni sawa. Sikuambii usiumie, mimi nimeumia na bado naumia. Mwambie umeumia. Gombana naye akiwa mbele yako, anakusikia, anaweza kukujibu. Ila usimwambie ngoja. Na usimtafutie wa kujaza nafasi yake, kwa sababu atapatikana, na shughuli itafana, na ubaya wake uko hapohapo: utadhani una muda. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi wangu nimeshamlea, sitaki wako.

Nimemaliza maneno. Leo saa kumi uje nyumbani. Nimekanda donge tangu asubuhi, limepumzika, nimetandika kitambaa cha maua. Usinipigie simu kuniambia una traffic ya Markham, toka mapema. Divine naye nimemwita saa kumi, na hajui kama unakuja, kama wewe ulivyokuwa hujui mpaka sasa. Mungu akupe nyumba ambayo mlango wake unabishwa na watu unaowapenda. Akupe hasira fupi na mikono mirefu. Akutangulie Jumamosi ile, wewe na mumeo, na yeyote atakayesimama pekupeku kando yako.

Mimi sitashika unga, vidole vimechoka. Nitakaa jikoni nichemshe kahawa. Upande wa pili wa meza sijamweka mtu.